Msimu Niliponyamaza Golini

Mkataba wangu na klabu ulikuwa unaisha mwezi wa sita, na Januari ilipofika hakuna mtu aliyekuwa amenitajia habari zake. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, kipa wa kwanza wa timu ya wanawake mjini Nakuru kwa msimu wa nne mfululizo. Mara iliyotangulia niliitwa ofisini mapema, kabla hata ya Krismasi, nikaweka sahihi na kupewa soda. Safari hii Desemba ilipita kimya. Nikajiambia kwamba watu wamechoka, wamekwenda kwao kwa sikukuu, wataniita mwaka mpya.

Mwaka mpya ukaja. Tulirudi mazoezini nyasi zikiwa zimekauka kiasi cha kuchoma magoti, na siku ya kwanza nilimngoja meneja wa timu kando ya gari lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuinamia simu anapoongea na wewe. Hakuwahi kuninyima kitu ambacho alikuwa nacho.

"Boss," nikamwambia, "vipi ile maneno ya mkataba?"

"Tutaongea," akasema. "Wewe cheza tu. Usiwe na wasiwasi."

Sikuwa na wasiwasi mpaka aliponiambia nisiwe nao.

Kwa mtu asiyecheza mpira, miezi sita ni muda mrefu. Kwangu mkataba ule ndio uliokuwa tofauti kati ya mchezaji na mtu anayependa mpira. Kabla ya kuupata nilifanya kazi miezi minane katika shamba la maua kule Naivasha, nikifunga mawaridi kwenye makatoni ndani ya chumba cha baridi, vidole vikifa ganzi, vidole vile vile nilivyotaka kudakia. Nilikuwa nikifanya mazoezi peke yangu Jumapili, nikipiga mpira ukutani. Sikudharau kazi ile, na wenzangu wengi bado wako huko. Lakini nilijua nilikotoka, na kila nilipolisikia lile neno "tutaongea", vidole vyangu vilikumbuka baridi.

Hapa lazima nimlete baba yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeona shida yangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao Elburgon kwa miaka mingi, akisimama kando ya msumeno mkubwa, na msumeno ule ulimla masikio polepole. Sikio la kushoto halisikii chochote. La kulia linasikia kidogo, ukilisogelea na kupaza sauti. Mama alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo tumekuwa sisi wawili. Nilizoea kuongea naye nikiwa nimemtazama usoni, taratibu, naye akinisoma midomo. Ananiita "mama," kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi.

Hakukosa mechi ya nyumbani hata moja. Rafiki yake wa zamani wa kiwandani alikuwa dereva wa lori la mbao, na Jumamosi nyingi lori lile lilikuwa na safari ya kuja Nakuru. Baba alipanda mbele na koti lake la kijani, akashushwa karibu na uwanja. Hakuketi jukwaani. Aliketi kwenye majani kando ya bendera ya kona, upande wa goli langu, na wakati wa mapumziko alisimama taratibu akazunguka hadi upande wa pili. Marefa wote walimzoea.

Mwezi wa pili, beki wetu wa kati akaweka sahihi mkataba mpya. Huyu alikuwa rafiki yangu. Tulipanga vyumba vya ploti moja mtaani Rhonda, milango miwili tu kati yetu, na kila asubuhi tulitembea pamoja kwenda mazoezini. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu alianza kunibembeleza. Asubuhi moja aligonga mlango wangu akiwa na kikombe cha uji wa wimbi, na huyu ni mtu ambaye katika miaka mitatu hakuwahi kunipikia hata chai.

"Umesaini," nikamwambia.

Akatazama kikombe. "Jana. Miaka miwili."

"Na ulikuwa unanificha?"

"Sikutaka uskie vibaya, manze. Wewe ndio ulifaa uwe wa kwanza."

Nikamkumbatia hapo mlangoni, uji ukamwagika kidogo kwenye kandambili zangu. Nilifurahi kwa ajili yake na furaha yangu haikuwa ya uongo. Lakini tulipokuwa tukitembea asubuhi ile, yeye akinisimulia jinsi mama yake alivyopiga vigelegele kwenye simu, nilijikuta nikiwataja wachezaji moyoni mmoja mmoja: huyu amesaini, huyu amesaini, huyu bado. Wale wa bado tulikuwa wanne. Siku zilizofuata nilianza kuwachunguza hao wengine watatu kama mtu anayetazama wagonjwa wenzake kwenye foleni ya hospitali.

Wiki hiyo hiyo akaja kipa mgeni kufanya majaribio. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mtulivu, na alinisalimu kwa heshima akaniita dada. Sikuwa na sababu ya kumchukia, na sikumchukia. Lakini sikuweza kuacha kumtazama. Kocha wa makipa alipopiga mpira, macho yangu yalitakiwa kuwa kwenye mpira, nayo yalikuwa kwenye uso wa kocha, nione kama anatabasamu mgeni anapodaka. Alitabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu, hata mimi alinitabasamia kila siku, lakini hilo sikulikumbuka wakati ule.

Ningependa nieleze vizuri kilichotokea katika mchezo wangu, kwa sababu hata mimi ilinichukua muda kukielewa. Sikuamka siku moja nikiwa nimesahau kudaka. Mikono ilikuwa ile ile. Mazoezini, mpira uliokuja moja kwa moja niliudaka kama kawaida. Kilichoharibika ni ile nukta ndogo ya kuamua. Kazi ya kipa ni kuamua kabla ya kuwa na uhakika: krosi inakuja, utoke au ubaki? Mshambuliaji amepenya, umkimbilie au umngoje? Zamani nilikuwa nikitoka halafu ndipo najua kwamba nimetoka. Sasa mawazo yalitangulia miguu. Nikiona mpira uko hewani, nilisikia moyoni: nikitoka nikaukosa, hawatanisainisha. Na kabla sijamaliza kuwaza hivyo, mpira ulikuwa tayari umefika.

Kwa hiyo nilianza kubaki kwenye mstari. Kwenye mstari hakuna anayekulaumu sana. Bao likiingia ukiwa kwenye mstari, watu husema mabeki wamelala.

Kisha nikaacha kuita. Hili lilikuja polepole na sikuliona. Kipa anayetoka kufuata mpira hupaza sauti, "Yangu!" ili mabeki wampishe, na asipotoka huwaambia, "Toa!" Nilikuwa na sauti kubwa. Nadhani niliipata kwa kuongea na baba. Kocha alikuwa akinitania kwamba wakazi wa mtaa wa pili, Kaptembwo, wanajua matokeo ya mechi zetu kwa kunisikiliza. Lakini ukiita "Yangu!" umejibebesha. Ukiukosa mpira uliouita, kosa ni lako mbele ya watu wote. Ukinyamaza, kosa linagawanyika. Sikuwahi kukaa chini nikaamua kunyamaza. Koo lilifunga lenyewe.

Mwezi wa tatu tulicheza nyumbani na timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Ilikuwa mechi ya kushinda. Kipindi cha pili, hatujafungana, wakapata kona. Mpira ulipigwa juu, ukaja ukining'inia katikati ya eneo langu, mpira ambao miaka yote niliuokota kama embe. Nikapiga hatua moja mbele. Nikasimama. Rafiki yangu, beki wa kati, alinitupia jicho akingoja nimwambie. Sikusema kitu. Akaruka yeye. Na mimi, kwa kuchelewa, nikaruka pia, ngumi mbele.

Ngumi ilimpata puani. Mpira ulitugonga sote wawili ukadondoka, na mshambuliaji wao akausukuma ndani kwa goti.

Nilipiga magoti kando yake. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, mikono imefunika uso, damu ikipita katikati ya vidole na kuingia kwenye jezi. Nikamwambia pole, nikarudia pole mara nyingi mpaka daktari wa timu akaniondoa. Alipotolewa nje, pamba zimejazwa puani, aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Si ungeita tu," akasema.

Tulifungwa bao lile moja. Baada ya mechi nilikwenda kwanza kumwona. Pua haikuwa imevunjika, ilikuwa imevimba tu, na alinifukuza kwa mkono akisema niende nikamlishe mzee. Baba alikuwa ananingoja langoni, kofia mkononi. Tukatembea pole pole hadi kibanda kimoja Rhonda ambapo tulikuwa tukila kila baada ya mechi, mahali pa benchi nne za mbao na mabati yaliyosilibwa na moshi. Mathe, yule mama mwenye kibanda, alimpenda baba na hakuwahi kumwekea nyama iliyo na mfupa mwingi. Jioni ilikuwa bado na jua, na mahali pamejaa mafundi wa juakali na wanaume waliotoka uwanjani.

Baba alikula ugali wake bila haraka. Alipomaliza alifuta mikono, akaniambia kwa ile sauti ya watu wasiosikia, ambayo hawajui ni kubwa kiasi gani:

"Mama, mbona siku hizi huongei na wenzako?"

Nikamtazama. "Wapi?"

"Golini."

"Baba, utajuaje na husikii?"

"Naona mdomo," akasema. "Nimekuona mwezi mzima. Mdomo umefunga. Zamani ulikuwa unafunguka mpaka naona koo." Akainama karibu. "Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Nikafungua mdomo kumjibu taratibu kama nilivyozoea, na midomo ikaanza kutetemeka kiasi kwamba hakuweza kuisoma. Akakunja uso. "Sikuoni vizuri. Sema hapa." Akageuza sikio la kulia, akaweka kiganja nyuma yake.

Nikasema kwenye sikio. Hakusikia. Kulikuwa na redio, na masufuria, na watu wakibishana juu ya mechi. Nikasema tena. Akatikisa kichwa. Na mimi, ambaye sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani, hata rafiki yangu wa milango miwili, nikavuta pumzi nikapaza sauti kadiri nilivyoweza:

"NAOGOPA, BABA! MKATABA UNAISHA NA HAWANIAMBII KAMA WATANIBAKISHA! NAOGOPA KILA MPIRA!"

Kibanda kizima kikanyamaza. Mtu mmoja alishusha kijiko. Mathe alinyoosha mkono akazima redio, sijui kwa nini, labda kwa heshima. Nilitamani ardhi inimeze. Uso wangu ulikuwa unawaka, machozi yananidondoka kwenye sahani ya sukuma wiki, na wanaume wale wote wananitazama, baadhi yao ni wale wale walionizomea saa moja iliyopita.

Baba peke yake ndiye ambaye hakuona ajabu yoyote. Kwake ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea naye.

"Ahaa," akasema. "Hiyo."

Akanishika mkono. Halafu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia, na kwa kuwa sauti yake haijui kunong'ona, alilisimulia kibanda kizima. Ulikuwa mwaka ule ukataji wa miti msituni ulipopigwa marufuku na viwanda vya Elburgon vikakosa magogo. Mwenye kiwanda hakuwafuta kazi. Aliwaambia warudi kesho. Walirudi kesho, akawaambia kesho tena. Miezi minne baba alikwenda kila asubuhi akaketi langoni na chakula chake kwenye mkebe.

"Nilikuwa fundi," akasema. "Kila mtu alijua mimi ni fundi. Lakini siku moja katikati ya hiyo miezi wakaleta gogo moja, wakaniambia nilipasue. Mikono ikatetemeka, mama. Mimi! Nikalipasua vibaya. Nilikuwa nafikiria, hili nikiliharibu hawataniita tena. Ndio nikaliharibu."

"Halafu?"

Aliona midomo yangu. "Halafu siku moja wakasema basi, tumefunga. Nikarudi nyumbani nikalala. Mchana! Wewe ulikuwa shule, hukuniona. Nililala mpaka kuku wakaingia kwa nyumba. Kesho yake nikaenda kutafuta kazi kwa wenye mashamba, na mikono ilikuwa sawa." Akaikunjua mezani nione, kana kwamba bado ilihitaji kuthibitishwa. "Kufunga hakukuniumiza vile. Ni ile kesho, kesho. Enda uwaulize. Usiulize kando ya gari. Enda kwa ofisi ukae kwa kiti. Wakisema hapana, utakuja nyumbani ulale."

Mathe alileta bakuli la supu ambalo hatukuagiza, akaliweka mbele yangu. "Kunywa, msichana wangu," akasema. Na fundi mmoja wa benchi ya nyuma, tulipokuwa tukiondoka, akaniita: "Kipa! Ukienda kwa ofisi, hiyo sauti enda nayo."

Jumatatu asubuhi nilipanda ngazi za ofisi ya klabu. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kote kulinuka rangi. Meneja alikuwa peke yake. Aliponiona alichukua simu.

"Tutaongea," akaanza.

"Boss, leo ndio tunaongea," nikasema, nikavuta kiti nikaketi.

Aliweka simu chini. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alinitazama machoni, na nikaona kwamba alikuwa amechoka, na kwamba uso wake ulijua jibu siku nyingi.

"Kamati inataka kipa mdogo," akasema. "Wameamua. Baada ya mwezi wa sita hatutaendelea na wewe."

"Wameamua lini?"

Akaitazama simu. "Novemba."

Chini, mtu alikuwa anakata bomba la chuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri nikikuambia utakata tamaa. Utaacha kujituma. Na bado tulikuwa tunakuhitaji." Akapitisha mkono usoni. "Pia nilishindwa tu. Nimekujua miaka minne. Sikujua nikuangalie aje."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, na nilikuwa na haki. Lakini nilipomwona pale, mtu mzima aliyejificha nyuma ya simu miezi mitano kwa sababu ya kunipenda vibaya, hasira haikupata mahali pa kukaa. Nilimwambia kwamba ule ukimya ndio ulioniharibia mchezo, kwamba angeniambia Novemba ningedaka kila mpira. Nilimwambia bila kupaza sauti. Aliitikia kwa kichwa, akasema pole, na nadhani alimaanisha. Nikamshukuru kwa kuniambia, nikashuka.

Nililia kando ya duka lile, nimegeukia mabati, mpaka muuzaji akaniuliza ninatafuta mabati ya ukubwa gani. Kisha nikatembea hadi Rhonda, nikafunga mlango, nikalala. Nililala kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi, usingizi mzito usio na ndoto. Nilipoamka nilikuwa na njaa. Rafiki yangu alikuwa ameketi kizingitini kwangu, pua bado imevimba, akimenya njegere kwenye karai.

"Walisema nini?" akauliza.

"Walisema hapana."

Akaacha kumenya. Machozi yalimjaa kabla yangu. Nikaketi karibu naye, tukamenya njegere zote zikaisha, na katikati ya kazi hiyo nikamwomba msamaha vizuri, si kwa ajili ya pua peke yake, bali kwa kumwacha aruke bila kujua. Akasema, "Wewe niitie tu. Hata ukikosea, niitie."

Natamani niseme kwamba mechi iliyofuata nilicheza kama malaika. Sivyo ilivyokuwa. Mpira wa kwanza wa juu nilichelewa, ukapita, kwa bahati ukatoka nje. Lakini nilikuwa nimeita. Sauti ilitoka mbaya, imekwaruza, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Wa pili niliita mapema. Kufikia mapumziko koo lilikuwa linauma, na mabeki wangu walikuwa wamesogea mbele hatua tano bila mtu kuwaambia, kwa sababu sasa walijua nyuma yao kuna mtu. Baada ya wiki tatu miguu ilirudi mbele ya mawazo. Niliruhusu bao la kijinga katika mechi moja ya ugenini, mpira ulinipita chini ya mkono, na nikacheka. Nilikuwa sina tena cha kupoteza pale zaidi ya mechi yenyewe. Mechi ilirudi kuwa mechi.

Yule kipa mgeni alikuwa amesajiliwa. Nilianza kufanya naye mazoezi ya ziada Alhamisi, nikimfundisha kuhesabu hatua za krosi. Hakuna aliyeniomba. Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa mzuri, na kwa sababu kumfundisha hakukunipunguzia chochote.

Mwezi wa tano tulicheza Naivasha. Tulitoka sare, nikaokoa penalti, na baada ya mechi kocha wa wenyeji, mwanamke wa makamo mwenye kilemba cha buluu, alikuja akaketi karibu nami kwenye nyasi nikiwa navua glavu.

"Nimesikia wanakuacha," akasema.

"Ni kweli."

"Mimi nataka kipa anayeongea. Naweza kukupa mwaka mmoja. Siwezi kuahidi wa pili, kwa sababu sijui mfadhili atasemaje."

Nikamwambia ninamkubalia kwa sharti moja. Niandikiwe kwamba mwezi wa pili, bila kukosa, nitaitwa niambiwe kama ninaendelea au la. Kama hawajui, niambiwe kwamba hawajui, na ni lini watajua.

Alinyoosha kilemba chake. "Hakuna mchezaji amewahi kuniomba hiyo," akasema. "Wote huomba nyumba." Siku ya kuweka sahihi alichukua kalamu akaongeza mstari ule kwa mkono wake mwenyewe chini ya karatasi, na sote wawili tukaandika herufi za kwanza za majina yetu kando yake.

Nilihamia mtaa wa Kihoto, Naivasha, mwezi wa saba. Nilichagua chumba upande wa juu, kwa kuwa ziwa lilikuwa limeingia kwenye nyumba za chini na watu walikuwa wakihama na magodoro vichwani. Asubuhi nilikimbia nikipita milango iliyozama mpaka kwenye kitasa, na vifaranga wa bata waliokuwa wakiogelea mahali palipokuwa sebule ya mtu. Nilikutana na wanawake niliofunga nao mawaridi zamani. Mmoja alinitania kwamba nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata kocha aliniita, kama ilivyoandikwa. Tuliketi kwenye benchi ya wachezaji wa akiba baada ya mazoezi. Alisema mfadhili amekubali msimu mmoja zaidi, na kwamba baada ya huo, kwa umri wangu, angependa nifikirie kuwafundisha makipa. Alisema hayo yote kwa dakika tano hivi, bila kushika simu. Nilimwuliza maswali mawili, akanijibu yote mawili, la pili kwa kusema hajui.

Baba huwezi kumpigia simu ukamwambia jambo kama hilo. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda Elburgon. Nilimkuta kwenye kipande chetu cha shamba nyuma ya nyumba, akichimba waru, viazi vyetu vya kila msimu, kwa uma, koti limetundikwa kwenye ua, vumbi limemfika magotini. Baridi ya msitu wa Mau ilikuwepo ingawa jua lilikuwa kali. Nilizunguka hadi mbele yake ili aniangalie, nikamwambia taratibu: mwaka mmoja zaidi, halafu pengine kufundisha.

Aliegemea uma akifikiri. "Kufundisha," akasema. "Utalala nyumbani zaidi?"

"Kidogo zaidi."

"Sawa, mama."

Akanionyesha karai. Niliinama nikaanza kuokota nyuma yake, kubwa kwenye gunia, ndogo za mbegu kando, udongo ukiwa bado na unyevu chini. Tulimaliza mistari minne. Kisha akaenda kuteka maji ya kunawa, na mimi nikaingia ndani kuwasha moto wa chai.